Kabla Hujaeleza, Ngoja Pampu Izimike

Mwezi wa mwisho wa kazi yangu niliifunga ofisi nzima, na sikutumia kufuli. Niliifunga kwa maelezo. Vijana wawili kutoka Nairobi, waliokuwa wakituandikia programu ya kusoma mita za maji, waliniambia, "Mzee Yusuf, wewe unawajua watu wa hapa. Tuandikie maneno yatakayotokea kwenye skrini, yamsaidie mtumiaji." Mtu akikuambia unawajua watu, hukawii kumwamini. Nikaandika. Nikaagiza kwamba karani akibonyeza kitufe chochote, dirisha lifunguke limweleze kitufe hicho ni cha nini, namba anayoiandika inakwenda wapi, kwa nini inakwenda huko, na ni balaa gani lingetokea kama isingekwenda. Asubuhi ya kwanza karani wetu Saadia aliandika namba ya mita moja akaletewa ukurasa mzima. Akaufunga. Akaandika ya pili, ukurasa ukarudi. Foleni ilipofika barabarani nilitoka kwenda kuona kulikoni, nikakuta ameitungua kalenda ya ukutani ameifunikia skrini, ameacha kipenyo tu cha pale pa kuandikia.

"Saadia, umefunika maelezo," nikamwambia.

"Nimeyafunika, adeer," akasema bila kugeuka. "Yananipigia kelele nikiwa kazini."

Adeer kwetu Wasomali ni ami, na ni neno la heshima. Sijawahi kuheshimiwa nikaumia namna ile.

Wale vijana hawakunicheka mbele yangu. Walinipa kazi nyingine: nikae nyuma ya makarani, nitazame ni wakati gani hasa mtu anahitaji kuelezwa jambo, na wakati gani anataka aachwe afanye kazi yake. Nikapewa kiti na chupa ya chai, kazi iliyonifaa kuliko zote nilizowahi kupewa na idara. Nilichokiona si siri. Mambo yakienda sawa, hakuna anayeuliza. Karani anaweza kuitumia programu mwaka mzima bila kujua ndani mna nini, kama ambavyo mimi nimekula ini la mbuzi maisha yangu yote bila kuuliza lilikuwa na kazi gani. Mtu huuliza pale mashine inapofanya jambo ambalo hakulitazamia. Na hata hapo hataki historia yake. Saadia skrini ikimzimikia husema "Kwa nini?", lakini ukimtazama usoni unaona swali lenyewe ni jingine: "Ni mimi?"

Vijana walifurahi wakaniuliza nimeyajulia wapi hayo. Niliwaambia nimeyaona pale pale kwenye kiti. Ukweli ni kwamba nilifundishwa zamani, wakati wa vita vya shifta vya miaka ya sitini, kwenye kibanda cha pampu kando ya mto Tana hapa Garissa, na mwalimu wangu hakuwa na subira kama ya Saadia. Kwa kuwa sasa nimestaafu, nakaa mtaani Waberi sina kazi ila kumzuia mjukuu asichezee mita ya jirani, nawaandikia nyinyi mliobaki ofisini. Mambo ya vyeo nayaruka. Yangu hayachukui nafasi.

Niliingia idara ya maji nikiwa nimetoka sekondari huko juu bara, nimerudi na Fizikia nusu na mafua kamili. Wenzangu waliomaliza shule walikuwa wakitafuta kazi zitakazowapeleka mbali. Mimi nilitafuta kazi inayoonekana kutoka mlangoni kwa mama. Kibanda cha pampu kilionekana. Mama akiinjika chungu niliuona moshi, moshi ukipungua nikajua chakula kiko tayari. Mambo yote mazuri yaliyosemwa baadaye juu ya uaminifu wangu kwa kituo kile yalitokana na hapo. Baadaye walijaribu kunihamishia Liboi, nikashikwa na mgongo. Wakajaribu Kutulo, mgongo ukashuka mguuni. Hata kompyuta sikuifuata, ilinifuata yenyewe.

Idara ilitaka mtu anayejua kusoma, anayesema Kisomali na Kiswahili, wa kumsaidia fundi. Fundi mwenyewe aliitwa Musyoka, mtu wa Mwingi, mfupi, mwenye spana moja iliyokaa mfuko wa nyuma mpaka ikaacha umbo lake kwenye suruali. Siku ya kwanza nilimfikia na maswali niliyokuwa nimeyaandaa njiani. Injini hii ni ya nguvu gani? Mkanda huu unazungusha nini? Bomba hili linaishia wapi?

"Leo wewe sikiliza tu," akasema.

"Nisikilize nini, Fundi?"

"Injini."

Nikakaa juu ya debe nikasikiliza mpaka jioni. Alipokuwa anafunga akaniuliza nimesikia nini.

"Kelele," nikasema.

"Basi kesho pia."

Ilichukua muda kabla sijazisikia zile kelele kuwa ni nyingi na kila moja ina kwao. Injini ikivuta maji safi ina sauti ya mtu anayekunywa uji akiwa na njaa. Ikivuta tope inaguguna. Ikivuta hewa inapiga mluzi mwembamba, na hapo Musyoka huwa amekwisha kusimama kabla wewe hujasikia kitu.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote pale ni kopo. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, Fundi alilitengeneza mwenyewe baada ya kile kifaa cha kiwandani kuvunjika. Lilining'inia kwenye mkono wa chuma ubavuni mwa injini. Kijibomba chembamba kutoka kwenye pampu kililijaza maji bila kukoma, na chini yake palikuwa na tundu la msumari lililoyamwaga bila kukoma. Maadamu pampu inaleta maji, kopo linabaki zito na mkono unakaa chini. Maji yakikatika mtoni, kopo linajimwaga polepole, linakuwa jepesi, springi inauvuta mkono juu, na mkono unafunga dizeli. Injini inakufa kabla haijaungua. Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kuzibua lile tundu kwa mwiba wa mgunga, kwa sababu maji ya Tana, kama mnavyojua, yana udongo wa kutosha kujenga nyumba.

Kijana mwenye Fizikia nusu akikutana na kitu kama hicho hawezi kunyamaza. Kando ya kibanda palikuwa na birika la kunyweshea mifugo, na wanawake walikuja na madebe, wafugaji na ngamia. Wote walisubiri. Nikaona hawa ni wanafunzi walioletwa na Mungu. Nilimshika kila mtu nikamweleza kopo. Niliwaeleza wachungaji wa mbuzi, wauza kahawa, na maalimu wa chuo aliyekuja kutawadha. Musyoka alinitazama akiwa na chai yake isiyo na sukari.

"Wamekuuliza?" akasema siku moja.

"Hapana, lakini wakijua watafurahi."

"Mashine ikitembea hakuna mtu anataka kuijua. Ngoja izimike. Siku hiyo utaulizwa mpaka ukimbie."

Jirani yetu Eeddo Dahabo alikuwa wa wazi zaidi. Alikuwa muuza maziwa, nyumba yake imegusana na ya mama, na tulimwita eeddo, yaani shangazi, ingawa hatukuwa na udugu zaidi ya ukuta. Nilipomshika mara ya tatu nimweleze springi, aliweka debe chini. "Yusuf," akasema, "mimi nimekuja kuchukua maji. Sikuja kuposwa na mashine."

Kisha vita vikashika. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wamesimuliwa kwa namna nyingi kiasi kwamba sitaongeza yangu. Nitasema tu yaliyofika birikani. Barabara ya kwenda juu ikawa ya msafara, magari yakifuatana na askari mbele na nyuma. Njia za kushuka mtoni zikafungwa kwa miba na bunduki, na mifugo yote ikaja kwetu, kwa saa zilizopangwa na serikali. Amri ziliingia bila maelezo. Leo ngamia ruhusa, kesho marufuku. Leo njia hii, kesho ukipita hiyo hiyo unapigwa risasi. Nimefikiri sana juu ya hilo tangu nilipopewa kile kiti na chai. Mambo yalikuwa yakibadilika kila siku, yanamwangukia mtu kichwani, na watu hawakuuliza kwa nini, kwa sababu mwenye kuuliza alionekana ana jambo. Kwa hiyo msione karani amenyamaza mkadhani ameelewa. Huenda anaogopa.

Mimi tu ndiye niliyekuwa bado nikieleza, na nilichoeleza ni kopo.

Siku ninayotaka kuwaambia, Fundi Musyoka alikuwa ameondoka na msafara kwenda kutafuta mikanda. Aliniachia spana, na nilivyoipokea ungedhani nimekabidhiwa wilaya. Asubuhi akaja Mzee Hirsi na ngamia wake. Alikuwa mfugaji wa upande wa Liboi, mwenye ndevu zilizopakwa hina, mtu wa maneno machache na salamu ndefu. Alikuwa hajapata kuiona injini kwa karibu. Ngamia walipokuwa wakinywa nilimshika mkono nikamwingiza kibandani. Nikamweleza yote. Hata nikaliinua kopo kidogo kwa kidole, injini ikakohoa, nikaliachia, ikarudi. "Unaona, adeer? Kidole kimoja tu."

Mzee Hirsi aliitazama kwa muda. "Hii," akasema, "ina nguvu kuliko ngamia wangu wote wakiunganishwa."

Mimi nikatoka kwenda birikani kumsogezea Eeddo Dahabo debe, mzee akabaki mlangoni anaitazama. Haukupita muda, injini ikakohoa mara mbili ikafa.

Kwa siku za kawaida hilo lilikuwa jambo la kumwita Musyoka. Siku hiyo askari kijana aliyekuwa lindoni juu ya ukingo wa mto alikuwa amemwona mtu akishika chuma, kisha akamwona mzee peke yake mlangoni, kisha akasikia kimya. Matangi ya kambi ya askari yalikuwa karibu matupu, na tangu juzi yake palikuwa na uvumi kwamba kuna watu wametumwa kukata maji ya mji. Akapiga kelele. Wakaja wenzake, na nyuma yao akaja Inspekta.

Alikuwa mtu wa bara, si mzee, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Sisemi alikuwa mbaya. Alikuwa na lori la kijani nyuma yake, na tulijua wanaopandishwa lori lile hupelekwa kuhojiwa mbali, na wengine wake zao walikuwa bado wanawasubiri. Akaamuru watu wote wakae chini na mtu asiguse kitu.

"Nani alikuwa karibu na mashine?"

"Mimi, Afande," nikasema.

"Na nani?"

Mzee Hirsi akainua mkono kwa adabu.

"Nani hapa anajua kuizima?"

Mungu anisamehe, nilikuwa bado nina fahari kidogo. "Afande," nikasema, "karibu wote. Nimewaeleza."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi anayekula shati lake. Kisha akamgeukia mzee. "Wewe. Ni wewe umezima?"

Mzee Hirsi hakukimbilia kujibu. Alilifikiria lile swali kama alivyolifikiria kila jambo, akapangusa ndevu, akasema kwa Kiswahili cha sokoni, "Mimi nafikiri ni mimi."

Mimi nilijua alichokuwa anakisema, na kila mtu aliyekaa pale chini alijua. Mzee alikuwa ameisifu injini bila kusema Mashaallah. Kwetu ukisifu kitu cha watu, awe ngamia, mtoto au mashine, bila kusema neno hilo, jicho lako linakidhuru hata kama moyo wako ni mweupe. Alikuwa amesimama pale mlangoni akijilaumu tangu injini ilipokohoa. Aliulizwa swali la kweli, akatoa jibu la kweli.

"Afande, ngoja nikueleze," nikasema.

Na hapo niliwafanyia watu wote wa Garissa jambo ambalo hawajalisahau. Wafugaji wetu wakikutana njiani mmoja humwuliza mwenzake habari, na mwenye kuulizwa hutoa zote kwa mpangilio: alikotoka, mvua aliyoikuta, majani, maji, nani kazaa na nani kafa, mpaka afike pale walipokutana. Ukianza na mwisho unaonekana unaficha. Ndivyo nilivyolelewa. Inspekta aliniuliza kwa nini pampu imezimika, na mimi, kwa kutotaka kuonekana ninaficha, nilianza na siku injini iliposhushwa kutoka kwenye lori. Nikapita kwenye kifaa kilichovunjika. Nikamweleza kopo, tundu, mwiba wa mgunga. Nikamweleza tabia ya udongo wa Tana wakati wa mvua za juu. Inspekta alihamia kivulini, kivuli kikahama, akakifuata.

"Nimekuuliza kitu kimoja," akasema.

"Nakuja, Afande. Nakuja hapo hapo."

Nilipofika kwa Mzee Hirsi mambo yakaharibika zaidi.

"Kwa hiyo anakiri ameizima kwa macho?"

"Hapana, Afande. Kwa kutosema neno."

"Neno gani?"

"Mashaallah."

"Hilo ni neno la nini? Mnapeana?"

"Hapana, Afande, si la siri. Kila mtu analijua."

"Kila mtu."

"Ndiyo, Afande."

"Kama kuzima mashine."

Hata hapo nikajibu. Nilijibu mpaka sauti ikawa ya jogoo mgonjwa. Kila nililoongeza lilimpa Inspekta jambo jipya la kushuku: kijibomba kiliwekwa na nani, fundi yuko wapi leo, kwa nini ameondoka leo. Nikaona nikiendelea nitampandisha lori hata Musyoka aliyeko njiani.

Mwishowe Inspekta akaashiria kwa kidole, na askari wawili wakamsimamisha Mzee Hirsi. Hakubisha. Alikwenda kwa ngamia wa mbele, akafungua kamba, akampa Eeddo Dahabo. "Nishikie hawa," akamwambia. "Nyumbani wakiuliza, sema nimechelewa." Eeddo Dahabo, ambaye sikumwona siku nyingine yoyote akikosa neno, alipokea kamba akatazama chini.

Mimi nikakaa juu ya debe. Si kwa ujasiri. Miguu ilikuwa imekataa na koo limekauka, na maji hayakuwepo, pampu imezimika.

"Afande," nikasema kwa mnong'ono, "mimi nimechoka. Wewe unataka kujua nini?"

Nadhani naye alikuwa amechoka. Alivua kofia akajifuta. "Nataka kujua jambo moja tu. Hii kitu inaweza kuzimika bila mtu kuigusa?"

"Inaweza."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakaribia kufika, Afande."

Alifumba macho kidogo. "Nionyeshe," akasema. "Usiniambie. Nionyeshe."

Kitu pekee kilichotuokoa ni amri yake mwenyewe, kwamba mtu asiguse kitu. Bomba la kuvutia lilikuwa bado mtoni kama lilivyokuwa asubuhi, na ile sauti ya kuguguna niliyoisikia kabla ya kimya, niliyoisikia na kuipuuza kwa sababu nilikuwa nikizungumza, ilikuwa ya majani kwenye chujio la mdomo wa bomba hilo. Kama yalikuwa bado humo, maji yangekatika tena yenyewe; angalau nilitumaini hivyo. Nikaufunga mkono wa kopo kwa waya ili dizeli ipite, nikashika hendeli. Hendeli ile ilikuwa na tabia ya kurudi nyuma na kuvunja mikono ya watu, lakini siku hiyo nafikiri hata yenyewe ilikuwa inaogopa. Injini ikashika. Maji yakaja, membamba, kopo likaanza kujaa. Nikafungua waya, nikatoka na mikono juu, nikasimama uani pamoja na wengine.

"Wote mbali," akasema Inspekta. "Mpaka kwenye miba."

Tukasogea. Askari wakasogea. Hapo Mzee Hirsi, akiwa kati ya askari wake wawili, akasema, "Ngoja." Akageuka polepole, akaipa injini mgongo, akafunika macho kwa shali yake juu ya hilo. Askari mmoja akataka kumgeuza. Inspekta akamzuia kwa mkono.

Tukasubiri. Injini ikatembea. Naikumbuka sauti yake kuliko ninavyokumbuka sauti za watu wengi niliowapenda. Ilitembea vizuri, kwa afya, kama injini isiyo na nia ya kufa kwa ajili ya mtu yeyote. Nikawaza kwamba pengine majani yamejitoa yenyewe maji yaliporudi nyuma, na kwamba itatembea hivi mpaka Magharibi, na mzee atapanda lori kwa uthibitisho nilioutengeneza mimi. Nikafungua mdomo nimweleze Inspekta uwezekano huo.

"Nyamaza," akasema, bila kunitazama.

Nikanyamaza. Kisha nikasikia ule mluzi mwembamba. Mtiririko wa kijibomba ukapungua ukawa matone. Kopo likaendelea kujimwaga, tone kwa tone, na lilikuwa bado halijaisha nilipoelewa kitu ambacho katika maelezo yangu yote sikuwahi kukieleza: maji hukatika kwanza, na injini hufa baadaye. Yeyote aliyesimama mlangoni inapokufa hana habari na kilichoiua. Mkono ukapanda taratibu, peke yake, mbele ya watu wote. Injini ikakohoa mara mbili ikafa.

Inspekta alilitazama kopo, akatazama nafasi tupu iliyolizunguka, akamtazama Mzee Hirsi, mgongo na shali.

"Alikuwa ametazama wapi?" akaniuliza.

"Kwako, Afande. Ila macho yamefunikwa."

Akavaa kofia. "Aende," akasema. "Na hilo chujio lisafishwe sasa hivi." Akaenda zake na lori lake, na sijui kama alilala siku hiyo.

Mzee Hirsi alifunua uso. Aliniuliza kwa Kisomali, chini chini, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. "Kwa hiyo si mimi?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia juu ya kopo. "Si wewe, adeer," nikasema.

"Alhamdulillahi." Akapokea kamba kwa Eeddo Dahabo, akawaondoa ngamia. Alipofika kwenye miba akageuka kidogo, akaisemea injini "Mashaallah" kwa sauti ya kutosha, na akaendelea na safari.

Nikaingia majini na askari wawili nikatoa majani kwenye chujio, na mpaka leo mkono ukigusa nyasi mbichi nakumbuka baridi ile. Wafanyakazi wenzangu vijana, hilo ndilo somo, na nililisahau vizuri kiasi kwamba ilibidi Saadia anifundishe upya kwa kalenda. Mnapotaka kuandika maneno ya kwenye skrini, msimweleze mtu mashine. Mtazameni anaogopa nini. Kama anaogopa amekosea, mwambieni kama amekosea au hakukosea, kisha nyamazeni. Akitaka springi, atauliza.

Fundi Musyoka alirudi na msafara siku iliyofuata, vumbi mpaka kwenye kope. Habari ilikuwa imempokea njiani. Alikagua kopo, akakagua chujio, akachukua spana yake kutoka kwangu akairudisha mfukoni, akakaa na chai. Wanawake walikuwa wamekwisha kuja kuchota, Eeddo Dahabo akiwa wa mbele.

"Haya," Fundi akaniambia, "niambie ilikuwaje."

Nikavuta debe, nikakaa, nikaanza na alfajiri, jinsi tundu lilivyokuwa limeziba na mwiba nilioutumia. Eeddo Dahabo akaweka debe lake chini. Kwa kawaida alinisema kwa Kisomali, lakini safari hii alitumia Kiswahili, ili Fundi asikose hata neno:

"Fundi, wewe usisikilize yeye. Mzee hakuachwa sababu Yusuf ameeleza. Ameachwa sababu Yusuf amechoka."